John Bunyan

John Bunyan (alibatizwa Elstow, Bedfordshire, 30 Novemba 1628 – London, 31 Agosti 1688) alikuwa fundi wa vyombo vya shaba na bati, mhubiri wa Kipuritani na mwandishi kutoka nchini Uingereza. Anajulikana hasa kwa kitabu chake cha fumbo kuhusu safari ya Mkristo kuelekea Mji wa Mbinguni, kilichotolewa mwaka 1678 na kutafsiriwa katika lugha nyingi sana, kikiwemo Kiswahili, ambapo kinajulikana kama Safari ya Msafiri.

Wasifu wake kwa kawaida huandikwa kwa kufuata imani na vitabu vyake. Lakini Bunyan alikuwa pia mume na baba wa watoto sita, tena mtu ambaye kwa zaidi ya miaka 25 angeweza kunyang'anywa mali yake yote na serikali kwa sababu ya kuhubiri. Mnamo 23 Desemba 1685 alitia muhuri hati ya hiba iliyompa mke wake Elizabeth kila kitu alichokuwa nacho. Katika hati hiyo hakujiita mwandishi wala mchungaji, bali fundi wa shaba. Makala hii inafuata zaidi upande huo wa maisha yake: kazi ya mikono, familia, na jinsi mali ndogo ya fundi ilivyolindwa isipotee.

Asili na utoto

Familia ya Bunyan ilikaa Bedfordshire kwa vizazi vingi. Hapo zamani ilikuwa na ardhi karibu na Elstow, lakini iliuzwa kipande baada ya kipande, hata babu yake John, aliyeitwa Thomas, alikuwa mchuuzi mdogo mwenye nyumba ya kawaida ya kijijini. Baba yake John, naye Thomas, alikuwa fundi wa kuziba na kutengeneza sufuria, masufuria makubwa na birika. Mama yake aliitwa Margaret Bentley.

Kazi hiyo haikuheshimiwa sana. Mafundi wa namna hiyo wengi walikuwa watu wa kutangatanga, na neno lenyewe la Kiingereza la kuwataja lilitumika pia kama tusi. Hata hivyo Wabunyan hawakuwa watu wasio na makao: walikuwa na nyumba yao, na baba alizunguka katika vijiji na mashamba ya jirani kutafuta kazi kisha kurudi kwake. Ingawa walikuwa maskini, wazazi walimpeleka John shuleni akajifunza kusoma na kuandika, jambo lisilokuwa la kawaida kwa watoto wa hali yake. Baadaye alijifunza ufundi wa baba yake.

Urithi wa kweli aliopewa na baba ulikuwa huo ufundi. Katika makumbusho ya Bunyan mjini Bedford kuna fuawe ya chuma iliyochorwa jina lake, jina la kijiji chake na mwaka 1647. Ni nzito kama mtoto wa miaka minane, na fundi aliibeba pamoja na zana nyingine alipokwenda kazini. Humo pia kuna fidla ya bati inayosemekana kuwa aliitengeneza mwenyewe.

Mwaka 1644 nyumba yao ilivunjika ghafla. Mama alifariki mwezi Juni, dada yake Margaret mwezi Julai, na mwezi Agosti baba alikuwa ameoa tena. John alikuwa hajatimiza miaka 16. Miezi michache baadaye alikuwa askari katika jeshi la Bunge lililopigana na mfalme Charles I, akawekwa katika ngome ya Newport Pagnell. Alikaa jeshini hadi mwaka 1647. Mwenyewe alisimulia kwamba safari moja alipochaguliwa kwenda kuzingira mji, mwenzake aliomba aende badala yake, na huyo mwenzake akapigwa risasi ya kichwa akiwa zamu.

Ndoa ya kwanza

Alipotoka jeshini alirudi Elstow na kufanya kazi yake ya ufundi. Alioa mnamo mwaka 1649. Jina la mke huyo halikuandikwa popote, hata na Bunyan mwenyewe, ingawa alimsifu. Walianza maisha bila hata sahani wala kijiko. Mke alileta vitabu viwili tu alivyoachiwa na baba yake alipokufa: kimoja cha Arthur Dent juu ya njia ya mtu wa kawaida kwenda mbinguni, kingine cha Lewis Bayly juu ya maisha ya uchaji. Wote wawili walivisoma pamoja.

Katika historia ya mirathi ni vigumu kupata urithi mdogo uliozaa makubwa kama huo. Vitabu hivyo ndivyo vilivyomwanzisha Bunyan katika masuala ya dini, na baada ya miaka kadhaa ya mahangaiko makali ya roho, aliyoyasimulia katika kitabu chake cha mwaka 1666 kuhusu neema ya Mungu, alijiunga na ushirika wa Kikristo wa Bedford ulioongozwa na John Gifford. Mnamo mwaka 1655 alihamia mjini Bedford na kuanza kuhubiri. Kitabu chake cha kwanza, cha kupinga mafundisho ya Waquaker, kilitoka mwaka 1656.

Mtoto wa kwanza, Mary, alibatizwa Julai 1650. Alizaliwa kipofu. Baada yake walizaliwa Elizabeth, Thomas na John. Mama yao alifariki mwaka 1658, na mwaka uliofuata Bunyan alioa tena. Mke wa pili aliitwa Elizabeth. Alikuwa msichana bado, na siku ya harusi alikuwa tayari mama wa kambo wa watoto wanne.

Kukamatwa

Mwaka 1660 ufalme ulirudishwa nchini Uingereza chini ya Charles II, na Kanisa la Uingereza likarudishiwa nguvu zake. Mikutano ya dini nje ya kanisa hilo ilitazamwa kama vichaka vya uasi. Tarehe 12 Novemba 1660 Bunyan alikwenda kuhubiri katika nyumba moja ya shambani huko Lower Samsell, kusini mwa Bedford. Alionywa kwamba hakimu Francis Wingate ametoa hati ya kumkamata. Angeweza kuondoka, lakini alibaki, akakamatwa.

Januari 1661 alifikishwa mbele ya mahakimu wakiongozwa na John Kelynge. Sheria iliyotumika ilikuwa ya mwaka 1593, enzi za malkia Elizabeth I. Adhabu yake ilikwenda kwa ngazi: kwanza kifungo cha miezi mitatu, akikataa bado kuhudhuria kanisa la serikali na kuacha kuhubiri, afukuzwe nchini, akirudi bila ruhusa, anyongwe. Sehemu inayosahauliwa mara nyingi ni kwamba mtu aliyeondolewa nchini kwa sheria hiyo alipoteza pia mali yake. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, kilichokuwa hatarini hakikuwa uhuru wa Bunyan peke yake, bali pia vitanda, vyungu na zana za familia yake.

Elizabeth mbele ya majaji

Elizabeth alikuwa mjamzito mumewe alipokamatwa. Mshtuko ulimfanya apate uchungu kabla ya wakati, na baada ya siku kadhaa mtoto akafa. Bunyan alikaa gerezani miezi mitatu, kisha hakuachiwa.

Huyu mwanamke wa kijijini, ambaye hakuwa na fedha wala ndugu wakubwa, alisafiri hadi London na ombi la kumfungua mume wake, akalipeleka kwa mmoja wa wakuu wa Baraza la Malodi. Aliambiwa kwamba jambo hilo limo mikononi mwa majaji wa mkoa. Agosti 1661 majaji walipofika Bedford katika mzunguko wao, Elizabeth aliwaendea mara kadhaa. Mara ya kwanza alimkabidhi ombi Matthew Hale, aliyempokea kwa upole. Mara ya pili alilitupa ndani ya gari la jaji Twisden, aliyemjibu kwa hasira. Mwishoni aliingia katika chumba cha hoteli ya Swan, majaji wakiwa wamekaa pamoja na waungwana wengi wa wilaya, akajieleza hadharani.

Hoja zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kisheria: mume wake hakuhukumiwa ipasavyo, kwani maneno aliyoyasema katika kikao yalichukuliwa kana kwamba amekiri kosa. Ya pili ilikuwa ya njaa: alikuwa na watoto wadogo wanne, mmoja wao kipofu, na hawakuwa na chochote cha kuwalisha ila misaada ya watu wema. Twisden alidai kuwa Bunyan anatumia mahubiri kukwepa kazi. Hale ndiye aliyeonyesha huruma, akamweleza njia zilizobaki: kumwomba mfalme moja kwa moja, kutafuta msamaha, au kupata amri ya kupitia upya hukumu. Njia ya mwisho, alisema, ndiyo ya gharama ndogo. Hata hiyo iliwashinda.

Tunayajua haya kwa sababu Bunyan aliyaandika kama Elizabeth alivyomsimulia. Maandishi hayo yalibaki mikononi mwa familia yake na hayakuchapishwa hadi mwaka 1765. Ni moja kati ya picha bora tulizonazo za mwanamke maskini akizungumza mahakamani katika Uingereza ya karne ya 17.

Miaka 12 gerezani

Bunyan alikaa katika gereza la wilaya la Bedford hadi mwaka 1672. Mlango ulikuwa wazi wakati wote kwa namna moja: angeahidi kutohubiri, angetoka. Hakuahidi.

Ufundi wa sufuria haukuwezekana gerezani, kwa hiyo alijifunza kazi nyingine. Alitengeneza kamba za kufungia nguo na viatu zenye ncha za chuma, kwa mamia, ili ziuzwe na familia ipate chakula. Mary kipofu husimuliwa katika mapokeo ya Bedford kuwa ndiye aliyemletea baba yake mchuzi katika jagi kila jioni. Katika maandishi yake Bunyan alikiri kuwa kuachana na mke na watoto kulimuuma kama kuchunwa nyama kwenye mifupa, na kwamba fikra za yule mtoto asiyeona zilimvunja moyo kuliko kitu kingine. Mary alifariki kabla ya baba yake.

Wakati huohuo sheria zilizidi kukazwa nje. Sheria ya mwaka 1670 dhidi ya mikusanyiko ya dini iliweka faini ya pauni 20 kwa mhubiri kwa kosa la kwanza na pauni 40 kwa kosa la pili. Wasikilizaji walitozwa shilingi 5, kisha 10. Mtu asipolipa, vyombo vyake vilikamatwa na kuuzwa, na theluthi moja ya fedha ilikwenda kwa aliyechongea. Mwaka huohuo nyumba na maduka ya waumini wa Bedford yalivamiwa. Mafundi na wachuuzi walichukuliwa bidhaa, vyungu vya shaba na hata mali ghafi ya kazi zao. Watu wengi wa mji, hata wasio wa ushirika ule, walichukizwa na wakawa wagumu kuwasaidia maafisa. Bunyan aliyasikia hayo akiwa gerezani, na bila shaka hakuyasahau.

Mchungaji na mwandishi

Januari 1672 ushirika wa Bedford ulimchagua kuwa mchungaji, akiwa bado mfungwa kwa jina. Machi mwaka huo Charles II alisimamisha utekelezaji wa sheria za dini, na Mei Bunyan akapata kibali rasmi cha kuhubiri. Ushirika ulinunua ghala pamoja na bustani ya matunda kwa pauni 50 ili liwe mahali pa ibada. Novemba mwaka huohuo mtoto wake Joseph alibatizwa. Elizabeth alikuwa pia amemzaa binti, Sarah.

Mfalme aliondoa ruhusa hiyo upesi, na Bunyan alifungwa tena kwa takriban miezi sita hadi mwaka 1677. Kitabu chake kikuu kilichapishwa na Nathaniel Ponder mjini London mwanzoni mwa mwaka 1678, kwa bei ya shilingi 1 na peni 6. Mpaka mwandishi anafariki kilikuwa kimetoka mara 11. Sehemu ya pili, inayohusu safari ya mke wa Mkristo na watoto wao, ilifuata mwaka 1684. Vitabu vingine vinavyosomwa bado ni kile cha maisha na kifo cha Bwana Badman (1680) na kile cha Vita Vitakatifu (1682).

Charles Doe, fundi wa vitana wa London aliyempenda sana Bunyan, alikadiria kuwa nakala 100,000 hivi za kitabu kikuu zilikuwa zimeuzwa Uingereza ifikapo mwaka 1692. Kwa bei ya toleo la kwanza hiyo ni kama pauni 7,500. Fedha hizo hazikuingia Bedford. Wakati huo hapakuwa na sheria ya hakimiliki ya kumpa mwandishi fungu la kila nakala. Aliyesajili kitabu ndiye aliyekuwa mwenye mali, na wachapishaji wezi walichukua sehemu yao bila kumwuliza mtu. Msomaji asishangae basi kwamba mtu aliyesomwa na nchi nzima aliendelea kuhesabiwa kuwa fundi wa shaba.

Wasia wa baba

Kabla ya kufika kwenye hati ya Bunyan, inafaa kutazama wasia wa baba yake. Mzee Thomas aliandika wasia mwaka 1675 na kufariki Februari 1676. Aliwaachia watoto wake wanne, akiwemo John, shilingi moja kila mmoja. Vingine vyote vilikwenda kwa mke wake wa tatu, Ann.

Kwa macho ya leo shilingi moja inaonekana kama tusi. Haikuwa hivyo lazima. Pauni ilikuwa na shilingi 20, na fungu dogo kama hilo lilionyesha kuwa mtoto hakusahauliwa, hivyo asije kudai baadaye kwamba ameachwa nje kwa makosa. Watoto walikwisha kupewa ufundi na walikuwa watu wazima wenye nyumba zao. Mjane ndiye aliyebaki bila tegemeo. John alifuata wazo hilohilo miaka kumi baadaye, ila alitumia njia tofauti kabisa.

Hati ya hiba ya mwaka 1685

Februari 1685 James II, Mkatoliki, alirithi ufalme. Kiangazi cha mwaka huo mtawala wa Monmouth aliasi, akashindwa, na jaji Jeffreys akapeleka mamia ya watu kwenye kitanzi au utumwani ng'ambo ya bahari. Wafuasi wengi wa Monmouth walikuwa Waprotestanti wasiokubali kanisa la serikali, watu wa aina ya Bunyan. Oktoba mwanamke mmoja wa London, Elizabeth Gaunt, alichomwa moto kwa kumficha mwasi. Mwezi huohuo mfalme wa Ufaransa alifuta amri ya Nantes iliyowalinda Waprotestanti wa nchi yake, na wakimbizi wakaanza kumiminika Uingereza na habari za nyumba zilizoporwa.

Katika hali hiyo ndipo Bunyan alipotia muhuri hati yake, siku mbili kabla ya Krismasi. Alijitambulisha kuwa fundi wa shaba wa parokia ya Mtakatifu Cuthbert mjini Bedford. Kwa sababu ya upendo wake kwa mke wake Elizabeth, alimpa mali yake yote inayohamishika: bidhaa, fedha taslimu, madeni anayodai watu, vyombo vya fedha, pete, vyombo vya nyumbani, nguo, zana, vyombo vya shaba na vya bati, matandiko na kila kitu kingine, kiwe nyumbani au kwingineko. Orodha hiyo isimdanganye msomaji. Ni maneno ya kawaida ya wanasheria wa wakati ule, na si ushahidi kuwa nyumba ilijaa pete. Kuonyesha kwamba mali imekabidhiwa kweli, sarafu ya peni mbili ilibandikwa juu ya muhuri. Mashahidi wanne walitia sahihi.

Kwa nini hakuandika wasia kama baba yake? Msomaji anayejua tofauti ya wasia na hiba ataelewa mara moja. Wasia hufanya kazi mtu akishakufa. Kama Bunyan angetiwa hatiani kwa uhaini au kosa kubwa jingine, mali yake ingekuwa ya mfalme kabla ya kifo, na wasia ungebaki karatasi tupu. Hiba huhamisha mali papo hapo. Afisa akija na faini ya pauni 40, angejibiwa kwamba fundi huyu hana kitu. Kitanda ni cha mkewe.

Ngao hiyo ilikuwa na tundu. Sheria ya kawaida ya Uingereza ilihesabu mume na mke kuwa mtu mmoja, na mali inayohamishika ya mke ilikuwa ya mumewe. Mume kumpa mkewe kitu moja kwa moja, bila kupitia mdhamini, lilikuwa jambo ambalo mahakama hizo hazikulitambua. Mwanasheria wa serikali angeweza kuishambulia hati hiyo. Haikufika huko: maafisa hawakuja, na Bunyan aliendelea kuhubiri bila kufungwa tena. Mwaka 1687 James II mwenyewe alitoa tamko la uhuru wa kuabudu.

Kifo

Agosti 1688 kijana mmoja jirani yake alikuwa amekosana na baba yake aliyeishi Reading, na mzee huyo alitishia kumnyima urithi. Kijana alimwomba Bunyan amwombee. Bunyan alipanda farasi hadi Reading, akazungumza na mzee, na akafaulu: baba alimsamehe mwanawe. Kutoka huko alielekea London katika mvua kubwa, akafika ameloa. Alihubiri kwa mara ya mwisho tarehe 19 Agosti, kisha akashikwa na homa. Alifariki tarehe 31 Agosti nyumbani kwa rafiki yake John Strudwick, mwenye duka la vyakula huko Snow Hill, akiwa na umri wa miaka 59. Alizikwa katika makaburi ya Bunhill Fields, London. Elizabeth alikuwa Bedford.

Mirathi

Hati ya hiba haikutolewa. Ilikuwa imefichwa vizuri mno ndani ya nyumba yao. Kwa kuwa hapakuwa na wasia, Bunyan alihesabiwa kuwa mtu aliyekufa bila kupanga mirathi yake, na Elizabeth alilazimika kuomba kuwa msimamizi wa mirathi. Mambo hayo yalikuwa mikononi mwa mahakama za Kanisa la Uingereza. Kwa hiyo mjane wa mtu aliyefungwa miaka 12 kwa kulikataa kanisa hilo alisimama mbele ya maafisa wake kuomba ruhusa ya kugusa vyombo vyake mwenyewe. Alipewa. Mali yote ilithaminiwa kuwa pauni 42 na shilingi 19, pungufu ya bei ya lile ghala la ibada.

Tofauti kati ya hiba na kufa bila wasia haikuwa ya makaratasi tu. Kwa hiba, vyote vilikuwa vya Elizabeth. Kwa sheria ya mgawanyo ya mwaka 1670, mjane alistahili theluthi moja na watoto theluthi mbili. Theluthi ya pauni 42 na shilingi 19, kabla ya kuondoa madeni na gharama, ni pauni 14, shilingi 6 na peni 4.

Kitu kingine kilichobaki mikononi mwake ni miswada ambayo haikuwahi kuchapishwa. Elizabeth hakuwa na uwezo wa kuichapisha mwenyewe, na aliishi miaka michache tu baada ya mumewe. Mwaka 1692 Charles Doe alifanikisha kutolewa kwa kitabu kikubwa kilichokusanya maandishi ya Bunyan, pamoja na yale yaliyokuwa bado katika mwandiko wa mkono.

Mwana aliyeitwa John alirithi ufundi. Alikuwa fundi wa shaba mjini Bedford kama baba na babu yake, akajiunga na ushirika uleule, na kufariki mwaka 1728. Hannah Bunyan, kitukuu cha mwandishi, aliishi Bedford hadi mwaka 1770 akiwa na umri wa miaka 76, na jina lake limewekwa katika kanisa la ushirika huo.

Nyumba ya parokia ya Mtakatifu Cuthbert ilibomolewa mwaka 1838. Ndipo hati ya hiba ilipoonekana katika maficho yake, miaka 150 baada ya kuhitajika.